Jogoo la Shamba Haliwiki Mjini. Na Kambini Je?

Jogoo wa Mama jirani alikutwa amekufa Jumatano asubuhi, pembeni ya choo, shingo imevunjwa. Nani kamuua, mpaka leo hatujui, na mimi siandiki hapa kumtafuta mtu. Naandika kwa sababu wiki tatu kabla ya hapo kesi ya jogoo huyo ilipita mkononi mwangu. Niliiandika kwenye daftari la kazi kwa maneno matatu tu: "Tatizo dogo: kuku." Nikafunga daftari, nikaenda uwanjani kwenye mpira wa vijana.

Kwa wasomaji ambao hawajafika kwetu, blok yetu iko mpakani. Upande huu ni Wakongo, wengi wa Fizi na Uvira, ambao wazazi wao waliingia Nyarugusu kuanzia 1996, kambi ilipofunguliwa. Mimi mwenyewe nimezaliwa hapa hapa. Upande wa pili wa njia ni Warundi waliokuja kuanzia 2015. Njia yenyewe ni hatua sita, nimezihesabu. Mama jirani ni mjane mwenye watoto wanne. Ng'ambo ya njia anakaa Baba mmoja Mrundi, mlinzi wa usiku, na mke wake alikuwa amejifungua mwezi ule. Jogoo alikuwa anaanza saa 10 usiku, mtoto mchanga anaamka. Baba anarudi kazini saa 1 asubuhi anataka kulala, jogoo bado anaendelea. Baba alilalamika mara ya kwanza kwa heshima, mara ya pili kwa kugonga ukuta, mara ya tatu akaja kwangu.

Jogoo alipokufa, mambo yakageuka. Asubuhi ile ile kwenye bomba foleni ikawa mbili, ya Wakongo na ya Warundi. Jioni watoto walirushiana mawe, mtoto mmoja wa miaka minane akashonwa nyuzi tano kichwani. Tatizo dogo: kuku! Mwenyekiti wa blok akaniita, akaniambia, "Wewe kijana umesoma. Tutakaa kikao Jumapili. Kaangalie watu wengine walifanyaje." Basi nikaenda kuangalia, kwa simu na kwa vitabu vichache tulivyo navyo. Haya ndo niliyoyakuta.

Ugomvi wa zamani kuliko sisi

Nilidhani kelele za wanyama ni shida ya watu wanaobanana kama sisi. Kumbe ni ya tangu kale. Huko Mesopotamia, nchi ambayo leo ni Iraki, miaka kama 3700 iliyopita watu waliandika kwenye vibao vya udongo hadithi ya Atrahasis. Ndani yake mungu mkubwa Enlil anashindwa kulala. Wanaompigia kelele ni wanadamu, wamezaana wakajaa duniani. Akaleta magonjwa, akaleta ukame, mwisho akaleta gharika ili anyamazishe. Niliposoma hapo nilitulia kidogo. Nilikuwa natafuta historia ya kuku na mbwa, na katika hadithi ya kale kabisa niliyoiona, kuku ni sisi.

Kuna na Sybaris, mji wa Wagiriki kusini mwa Italia, ulioharibiwa mwaka 510 kabla ya Kristo. Mwandishi Mgiriki Athenaeus anasimulia kwamba watu wa pale walipenda usingizi mpaka wakakataza kufuga jogoo ndani ya mji. Lakini angalia waliotolewa pamoja na jogoo: wahunzi na maseremala, maana nyundo zao nazo zina kelele. Tajiri alilala, fundi akahama.

Na sisi Waswahili tuna sheria yetu fupi kuliko zote: jogoo la shamba haliwiki mjini. Wengi tunaichukua kama methali ya kumcheka mshamba. Mtu aliyekimbia nchi yake anaisikia tofauti. Inamwambia: umekuja kwa watu, nyamaza. Baba yangu aliambiwa hivyo mwaka wake wa kwanza hapa. Warundi waliambiwa hivyo na sisi, mwaka wao wa kwanza.

London: chumba na mazungumzo

Thomas Carlyle alikuwa mwandishi maarufu wa historia, Mskoti. Tangu 1834 alikaa na mke wake Jane mtaa wa Chelsea, London. Nyumba zimeshikana, na majirani walifuga kuku uani. Jogoo walimtesa sana. Hawezi kulala, hawezi kuandika, anakasirika nyumba nzima.

Mwaka 1853 aliamua kumaliza kwa pesa. Akajenga chumba juu kabisa ya nyumba, kuta mbili mbili, mwanga unaingia kwa dirisha la paani, ili asisikie kitu. Chumba kilishindwa. Kelele za karibu zilipungua, lakini huko juu akaanza kusikia za mbali ambazo zamani hakuzisikia.

Aliyepata dawa ni Jane. Yeye alikuwa anatoka, anagonga mlango wa jirani, anazungumza. Mwaka 1865, jirani wa mlango wa pili alipoleta kuku wapya na jogoo, Jane alikwenda kwake wakakubaliana: jogoo atafungiwa usiku kucha mpaka katikati ya asubuhi, na Jane atamfundisha mtoto wa pale kusoma. Ndo hivyo tu. Hakuna mahakama, hakuna ukuta. Mmoja alipata usingizi, mwingine akapata masomo ya mtoto wake.

Nilijiuliza kwa nini watu wanamkumbuka mume na chumba chake, na mke wanamtaja kwa kupita. Nadhani ni kwa sababu chumba unaweza kukipiga picha, mazungumzo mlangoni huwezi. Hata huku kwetu ni hivyo, ukuta una ripoti na picha, maongezi hayana.

Istanbul: mbwa waliopelekwa kisiwani

Hapa nitakaa kidogo, maana hii ndo inayotuhusu sana.

Istanbul, mji mkuu wa dola ya Waosmani, ulikuwa na mbwa wa mitaani maelfu kwa maelfu. Hawakuwa na mwenyewe mmoja, walikuwa wa mtaa. Kila kundi na mtaa wake, linakula mabaki, linalinda usiku, linabwekea mgeni. Wakazi wengi waliwawekea chakula na maji. Wenye mamlaka waliwaona kelele, uchafu na aibu mbele ya wageni wa Ulaya. Katika karne ya 19 majaribio ya kuwaondoa yalishindwa.

Mwaka 1910 serikali mpya, iliyotaka mji wa kisasa, ilifanya kweli. Mbwa walikamatwa mitaani, makumi ya maelfu, wakapakiwa kwenye mashua, wakashushwa Sivriada, kisiwa cha mawe katika bahari ya Marmara. Hakuna maji ya kunywa, hakuna chakula. Walikula wenzao, wakafa kwa njaa na kiu. Na sauti yao ilivuka bahari. Watu waliosumbuliwa na kubweka sasa walisikia vilio vinaletwa na upepo. Miaka iliyofuata kulipotokea tetemeko la ardhi, wapo waliosema ni adhabu ya mbwa wale.

Mbwa hawakwisha. Vizazi vingine vilirudi mitaani, na mji ukabaki na swali lile lile. Mwaka 2004 Uturuki ilipitisha sheria ya kuwachanja, kuwafunga uzazi na kuwarudisha mtaani kwao. Mwaka 2024 bunge likabadilisha, wakusanywe wapelekwe kwenye makazi ya mbwa, na watu wakaandamana kupinga. Zaidi ya miaka mia imepita na kesi bado haijafungwa.

Niliposoma habari ya kisiwa, sikuweza kuisoma kama habari ya mbwa tu. Kukusanywa, kupakiwa, kushushwa mahali ambapo kelele yako haitamfikia mtu: wasomaji wa jarida hili hawahitaji maelezo yangu. Nasema moja tu. Kumwondoa anayepiga kelele si sawa na kuondoa kelele. Aliyemvunja jogoo wa Mama shingo alitaka kimya. Alichotuletea ni foleni mbili na nyuzi tano.

Nani alitangulia?

Katika ugomvi wetu, neno lililorudi sana ni kutangulia. Mama aliniambia, "Mwanangu, ule jogoo njo alikuwa benki yangu. Na miye nilitangulia hapa. Hata tenti yao haikuwa bado." Baba naye akasema, "Mdogo wangu, ametangulia wapi? Ardhi hii ni ya Watanzania. Wote tumewakuta."

Kumbe mahakama kubwa kubwa zimebishana juu ya hilo hilo, na hazikukubaliana.

Uingereza mwaka 1879 kulikuwa na kesi ya mtengeneza peremende aliyekuwa anatwanga kwa vinu vikubwa zaidi ya miaka 20. Daktari jirani akajenga chumba cha kupokelea wagonjwa karibu na ukuta ule, halafu akashtaki kelele. Daktari alishinda. Kutangulia hakukumsaidia mtengeneza peremende. Mwaka 1936, huko huko Uingereza, mtu mmoja alimshtaki jirani aliyefuga jogoo wapatao 750. Ndiyo, 750, wanawika tangu saa 8 usiku. Mwenye kuku akajitetea kwamba pale ni kama shamba. Alishindwa.

Ufaransa mambo yalikwenda upande mwingine. Kwenye kisiwa cha Oléron kulikuwa na jogoo anaitwa Maurice. Mwenye jogoo alikuwa mkazi wa miaka mingi. Walioshtaki ni wazee wastaafu wenye nyumba ya kuja likizo tu. Wazee wetu waliokaa mijini Kongo wanakumbuka neno la Kifaransa tapage nocturne, kosa la kelele za usiku, na jinsi lilivyomgharimu mtu. Hapa mshtakiwa alikuwa ndege. Watu kama 140,000 walisaini kumtetea. Tarehe 5 Septemba 2019 mahakama ya Rochefort iliamua Maurice aendelee kuwika, na walioshtaki wakaamriwa kumlipa mwenye jogoo euro 1000. Maurice alikufa mwaka uliofuata, kwa ugonjwa. Tarehe 29 Januari 2021 Ufaransa ikapata sheria inayosema sauti na harufu za vijijini ni urithi wa nchi. Yaani huko mtu wa mjini ndiye aliyeambiwa anyamaze mbele ya jogoo la shamba. Methali yetu imepinduliwa.

Nilipeleka kesi hizi zote kwa mwenyekiti. Alisikiliza, akacheka, akasema, "Kwa hiyo Mwingereza anampa haki Baba, Mfaransa anampa haki Mama." Ni kweli. Ukitafuta nani alitangulia, utapata mshindi, na mshindi na mshindwa watarudi kuchota maji kwenye bomba moja.

Namba, na sikio la jogoo

Nchi jirani yetu Kenya ilitunga kanuni za kelele mwaka 2009. Nje ya nyumba za kuishi, mchana kelele isizidi desibeli 50, usiku 35, na usiku unahesabiwa kuanzia saa 2. Namba hizi ni nzuri, lakini tuzipime na hali yetu.

Jogoo anawika kwa nguvu ya ajabu. Watafiti wa Ubelgiji waliweka vipaza sauti karibu na masikio ya jogoo, wakapata zaidi ya desibeli 100. Sauti ikisafiri mahali pa wazi, kila umbali ukiongezeka mara mbili inapungua kama desibeli 6. Tuseme ni 100 kwa mita moja. Kwa mita 8 bado ni kama 82. Hapo hesabu ya desibeli 35 imeshakufa. Viwango vya misaada vinasema kila mtu apate eneo la makazi la mita za mraba 45 kambini, pamoja na njia na huduma zote, na ndani ya nyumba mita za mraba 3.5. Katika nafasi hiyo, na ukuta wa turubai au tofali za udongo, sikio la mtoto mchanga haliwezi kuwa mbali na jogoo wa mtu. Si kwamba Mama ni mbaya au Baba ana maringo. Ramani yenyewe imewalaza pamoja.

Na jogoo naye hana kosa. Wajapani wa chuo kikuu cha Nagoya walionyesha mwaka 2013 kwamba jogoo ana saa yake ndani ya mwili. Hata akiwekwa kwenye mwanga hafifu usiobadilika, anaendelea kuwika kwa majira yake. Mababu zetu walimtumia hivyo hivyo kama saa, ndo maana mpaka leo tunasema mtu amekesha mpaka majogoo.

Jambo lililonigusa zaidi ni lile la Wabelgiji. Jogoo akifungua mdomo wote kuwika, tundu la sikio lake linajifunga. Hajisikii mwenyewe kama tunavyomsikia sisi.

Nililisema hilo kwenye kikao, watu wakacheka. Halafu Mama akasimama, akanitazama mimi, si Baba. "Na ile spika ya vijana wako, mwanangu? Siku ya kikombe mulipiga mpaka majogoo. Nani aliwavunja shingo?" Nilikosa jibu. Ni kweli. Spika ni ya kikundi chetu, funguo ninazo mimi, na usiku ule Baba alikuwa kazini lakini mke wake mwenye mimba alikuwa ndani. Hakuna aliyeandika kwenye daftari, "Tatizo dogo: vijana."

Tulichokubaliana

Kikao kilichukua saa nne. Kilikuwa na wazee wa pande mbili, kina mama, vijana na mmoja wa sungusungu. Tuliandika kwa Kiswahili, yakasomwa na kwa Kirundi:

1. Jogoo analala ndani ya tenga la chini, asiweze kunyoosha shingo vizuri, limefunikwa kitambaa kinachopitisha hewa, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 1 asubuhi. Kipindi cha joto mwenyewe aangalie asimuue.

2. Kila nyumba jogoo mmoja. Wanaozidi wauzwe au waliwe.

3. Mwenye kazi ya usiku awaambie majirani zake. Mwenye kuku ahamishie tenga na banda upande wa pili wa nyumba.

4. Mbwa akibwekea mtu anayepita usiku wa manane, hiyo ni kazi yake. Akibweka usiku kucha kwa njaa au kwa kufungwa, mwenyewe ataitwa.

5. Muziki, ngoma na spika, za kanisa, za harusi na za vijana, mwisho saa 4 usiku.

6. Lalamiko linaanza kwa mwenye mnyama, linakwenda kwa mwenyekiti, halafu kwa sungusungu. Atakayegusa mnyama wa mwenzake analipa.

Kanuni ya tano ilichukua nusu ya muda wote. Kuku ni wa maskini, ni rahisi kumtungia sheria. Spika ina wenyewe.

Siwadanganyi kwamba kila kitu kimekuwa sawa. Hakuna aliyekiri kumuua jogoo. Tulitaka kuchanga pesa tumrudishie Mama, akakataa, akasema hawezi kupokea pesa bila kujua ni ya nani. Yeye na Baba wanasalimiana, lakini hawasimami kuongea. Foleni ya bomba imerudi kuwa moja, hiyo naweza kuisema kwa uhakika, kwa sababu napita pale kila siku. Mtoto wa nyuzi tano anacheza mpira na wote.

Kwa ndugu zetu wa mashirika mnaosoma jarida hili: mnapopanga viwanja na kugawa kuku wa miradi, ulizeni pia kuku hao watalala upande gani, na nani analala mchana. Swali hilo halina gharama. Na mkisikia kesi ya kuku kwenye kikao, msiifunge haraka kama nilivyofanya mimi.

Kwa wakazi wenzangu: kama blok yenu ina utaratibu wake wa kuku, mbuzi, mbwa au spika, tuleteeni, tutauchapa. Mama amepata jogoo mwingine, bado mdogo. Wiki iliyopita alijaribu kuwika mara ya kwanza, sauti imekwama katikati. Tenga lake liko upande wa mashariki wa nyumba, mbali na njia. Juzi jioni nilimkuta Mama analifunika kwa kitenge cha zamani, akaniuliza saa ngapi. Nikamwambia, saa 2 kasoro dakika kumi.